Kufanywa Upya Siku za Taabu: Uamsho wa Buhaya na Safari ya Askofu Josiah Kibira

Katika kitabu cha kuadhimisha miaka mia moja ni desturi kuhesabu majengo: kanisa la kwanza la miti na nyasi, la pili la matofali ya kuchoma, nyumba ya mchungaji, shule, zahanati na kengele. Hesabu hizo ni za haki, na wazee waliobeba matofali hayo kichwani wanastahili kukumbukwa. Lakini usharika wowote wa Buhaya uliofikisha umri huu umepita katika nyakati ambazo majengo hayakuweza kumsaidia mtu. Zilikuwapo siku ambazo mlango wa kanisa ulikuwa wazi na mchungaji hayupo. Zilikuwapo siku ambazo mchungaji alikuwapo na Wakristo hawasalimiani. Zilikuwapo pia siku ambazo watu walitoka mazishi ya asubuhi wakaenda mazishi ya jioni. Sura hii inahusu namna watu wa pande hizi walivyofanywa upya mioyoni katika siku kama hizo, na namna upya huo ulivyojaribiwa. Njia iliyo nyepesi ya kuisimulia habari hiyo ni kuwafuata baba na mwana, Isaya Kibira na Josiah Kibira, kwa maana majaribu mengi ya Kanisa la Buhaya yanaonekana katika maisha yao.

Wasomaji wa siri

Misheni ya Bethel, iliyokuwa ikifanya kazi Usambara tangu mwaka 1891 na Rwanda tangu mwaka 1907, ilifika Bukoba mwaka 1910. Ilipofika ilikuta Wakristo wa kiinjili wakiisubiri. Wahaya kadhaa walikuwa wamevuka kwenda Buganda kwa biashara na kwa kutafuta kazi, wakakuta huko Waafrika wenzao wakisoma kitabu kwa lugha ambayo Mhaya huielewa bila taabu kubwa. Biblia nzima ilikuwa imekwisha kuchapwa kwa Kiganda tangu mwaka 1896. Waliporudi nyumbani walirudi na vitabu, na kwa sababu hiyo jina lao la kwanza katika nchi hii lilikuwa "wasomaji". Miongoni mwao walikuwa Isaya Kibira na Andrea Kajerero.

Wasomaji hao hawakuwa na mlinzi. Serikali ya Kijerumani ilikuwa na boma lake Bukoba tangu mwaka 1890, na Mapadre Weupe walikuwa Kashozi tangu mwaka 1892. Kundi dogo lenye vitabu vya Kiganda na lisilo na Mzungu wa kulisemea halikuhesabiwa na yeyote. Watawala wa jadi nao walikuwa na sababu zao za kuogopa raia waliokutana bila ruhusa. Ndiyo maana walikutana kwa siri, wakasoma, wakaomba na kufundishana. Mtu aliyejifunza kusali namna hiyo, bila kanisa, bila mshahara na bila cheo, alikuwa ameandaliwa kwa jambo ambalo hakulijua bado.

Jambo hilo lilikuja upesi. Vita Kuu ya Kwanza ilianza mwaka 1914, na mwezi Juni mwaka 1915 Waingereza walivuka ziwa, wakaushambulia mji wa Bukoba, wakauteka kwa muda mfupi na kuondoka. Mwaka 1916 walirudi wakaishika nchi yote. Wamisionari wa Kijerumani waliondolewa. Kazi ya Bethel katika Buhaya ilikuwa na umri wa miaka sita tu: watoto wa shule za mwanzo walikuwa hawajamaliza kusoma, na hapakuwa na mchungaji hata mmoja mzalendo aliyewekewa mikono. Ndugu Waanglikana wa Uganda walisaidia kwa kadiri walivyoweza, na katika miaka ya 1920 Wamethodisti kutoka Afrika Kusini walikuja kwa muda mfupi, kisha nao wakaondoka. Watu wa Bethel hawakurudi hadi baadaye katika miaka hiyo ya 1920.

Vitabu vingi vya historia ya misheni huipita miaka hiyo kwa kurasa chache, kana kwamba ilikuwa pengo kati ya wamisionari na wamisionari. Kwa Kanisa la Buhaya haikuwa pengo. Walimu na wainjilisti, Andrea Kajerero akiwa mbele yao, waliendelea kukusanya watu, kufundisha watoto na kuzika wafu. Waliyafanya hayo katika miaka ambayo vita vilichukua wapagazi, na homa kuu ya mwaka 1918 ikaua watu katika kila pembe ya Afrika Mashariki. Kajerero baadaye akawa miongoni mwa wachungaji wa kwanza wazalendo. Ni vema msomaji akumbuke kwamba alipowekewa mikono alikuwa amekwisha kuifanya kazi ya uchungaji kwa miaka mingi. Ibada ile ilikiri tu yale ambayo Wakristo walikuwa wameyaona.

Josiah, mwana wa Isaya, alizaliwa tarehe 28 Agosti 1925, katika siku hizo hizo za mashaka. Baba yake alifariki mtoto akiwa bado mdogo sana. Mtu asiyeijua mila ya Kihaya huenda asitambue uzito wa sentensi hiyo. Katika Buhaya uhai wa nyumba ni kibanja, yaani shamba la migomba na mibuni linaloizunguka nyumba, ambamo pia wazazi huzikwa. Kwa desturi kibanja ni cha ukoo wa mume, nacho hurithiwa na watoto wa kiume, na mrithi mkuu, musika, ndiye achukuaye nafasi ya marehemu. Mjane hubaki hapo kwa jina la mwanawe au kwa huruma ya ndugu wa mume. Mama yake Josiah alimlea na kumsomesha katika hali hiyo. Kumpeleka mtoto shuleni katika miaka ya 1930 kulihitaji ada, nguo na uvumilivu wa mzazi aliyeweza kukosa mikono ya mwanawe shambani. Yule mama alivumilia, na mtoto akasoma hadi akawa mwalimu.

Imani ya kurithi na imani ya mtu mwenyewe

Wakati Josiah akiwa shuleni, jambo jipya lilikuwa likija kutoka magharibi na kaskazini. Mwaka 1929 daktari Mwingereza, Joe Church, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya Waanglikana ya Gahini nchini Rwanda, alikwenda Kampala akiwa amechoka mwili na roho baada ya njaa kali iliyoipiga nchi ile. Huko alikutana na Simeoni Nsibambi, Mganda, na wawili hao wakakaa pamoja wakisoma Maandiko na kuomba. Daktari hakuwa mtu wa kufundishwa na Mwafrika kwa desturi ya siku zile, na Nsibambi hakuwa mtu wa kukiri mahitaji ya moyo wake mbele ya Mzungu. Wote wawili walifanya hivyo. Kutoka hapo moto uliwaka Gahini, ambako Blasio Kigozi, ndugu yake Nsibambi, alifundisha wainjilisti hadi alipofariki akiwa kijana mwezi Januari mwaka 1936. Watu wa uamsho huo waliitwa Abalokole, yaani waliookoka.

Mwishoni mwa miaka ya 1930 uamsho ulivuka mpaka ukaingia Buhaya. Haukuja kwa barua ya makao makuu. Ulikuja na watu waliosafiri kwa miguu na kwa mashua, wakishuhudia mahali walipolala. Na ulikuja katika saa ya pekee. Mwezi Septemba mwaka 1939 vita vya pili vilianza, na kwa mara ya pili katika muda usiofika robo karne wamisionari wa Kijerumani waliondolewa. Kanisa la Sweden lilituma watu wake kusaidia, miongoni mwao Bengt Sundkler, aliyefanya kazi katika Buhaya kuanzia mwaka 1942 hadi 1945, na ambaye baadaye aliiandika historia ya Kanisa hili kwa upendo na kwa macho makali. Lakini Wasweden walikuwa wachache. Wale waliolishika Kanisa lisisambaratike walikuwa tena Wahaya wenyewe, na safari hii wengi wao walikuwa watu wa uamsho.

Uamsho ulidai nini kwa mtu? Ulidai kwanza ukweli. Mkristo aliyebatizwa, aliyepata kipaimara, anayeshiriki Meza ya Bwana, alisimama mbele ya wenzake akasema kwa kinywa chake mambo aliyoyaficha: wizi, uzinzi, uchawi, chuki dhidi ya jirani. Kisha ulidai matendo. Aliyeiba alirudisha. Aliyedhulumu alikwenda kwa aliyemdhulumu, naye pengine alikuwa mtu asiyemtaka kumwona. Baada ya hapo ulidai kudumu, na hilo wageni wengi hawakuliona. Ndugu walikutana kila juma, wakasoma, wakaimba, wakaombeana, na kila mmoja aliweka nuruni yaliyompata tangu mkutano uliopita. Machozi ya siku ya kwanza yalionekana na wote. Mikutano ya kila juma kwa miaka ishirini au thelathini haikuonekana na mtu, ila bila hiyo machozi yale yangekauka.

Gharama ilikuwa kubwa. Waliookoka waliacha pombe, na katika Buhaya lubisi, pombe ya ndizi, haikuwa kinywaji cha ulevi tu. Ilihusika katika posa, katika harusi, katika upatanisho na katika matanga. Mtu aliyekataa kibuyu alionekana amewakataa ndugu zake. Hata urafiki wenyewe ulikuwa na alama yake, omukago, ambapo wawili hupeana punje za kahawa zilizotiwa damu ya kila mmoja, wakawa ndugu mpaka kufa. Mwamsho alisema kwamba udugu wa namna hiyo ameupata kwa damu nyingine. Jamaa walisikia neno hilo kama tusi.

Josiah Kibira alikuwa upande wa waliosoma. Vijana waliosoma hawakuwapenda sana waamsho, kwa kuwa waamsho waliimba barabarani, walilia hadharani, na hawakumwogopa mwenye cheti. Zaidi ya hayo alikuwa mwana wa msomaji wa kwanza. Imani aliikuta nyumbani kama mtoto anavyokuta kibanja, na mtu aliyezaliwa katika kibanja haoni haja ya kununua shamba. Mwaka 1947, akiwa na umri wa miaka ishirini na miwili, alivunjika. Aliungama, akaamini, akajiunga na ndugu. Tangu hapo, katika kila cheo alichopewa, alijitambulisha kama mtu aliyeokolewa katika uamsho wa Buhaya, wala hakuona haya kulisema neno hilo mbele ya maprofesa.

Moto ndani ya nyumba

Ingekuwa rahisi kusimulia habari hii kana kwamba tangu hapo Kanisa lilikwenda kwa amani. Haikuwa hivyo, na kitabu cha kumbukumbu kinachoficha mambo hayo kinawanyima wasomaji wake msaada. Mtu aliyekiri dhambi zake hadharani anaweza kupanda hadi kuona kwamba yeye peke yake ndiye msafi. Baadhi ya waamsho walianza kuwahukumu wachungaji na wazee ambao hawakuzungumza lugha yao. Baadhi ya wachungaji nao waliona ushuhuda wowote kuwa uasi. Zilikuwapo ibada ambazo upande mmoja uliimba ili kuufunika upande wa pili. Katika miaka ya 1950 kundi moja la waamsho lilijitenga kabisa likaunda kanisa lake. Wengi zaidi walibaki. Kubaki huko hakukuwa kwepesi: palihitajika ndugu aendelee kuketi benchi moja na mtu anayemwita mnafiki, na mzee wa usharika aendelee kumfungulia mlango kijana aliyemkemea mbele ya watu. Uvumilivu wa namna hii hauandikwi katika kumbukumbu za vikao, lakini ndio uliolifanya Kanisa la Buhaya libaki moja, likawa miongoni mwa makanisa saba yaliyoungana tarehe 19 Juni 1963 kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania.

Kibira alikuwa mmoja wa waliobaki, na zaidi ya kubaki alitaka kuelewa. Alikwenda kusoma theolojia Bethel nchini Ujerumani, na baadaye katika Chuo Kikuu cha Boston nchini Marekani. Somo alilolichagua lilikuwa la nyumbani. Kitabu chake kiitwacho Church, Clan and the World, kilichotoka mwaka 1974, kinachunguza ukoo wa Kihaya, oruganda, na udugu wa Kanisa. Aliona kwamba uamsho ulishika mizizi katika Buhaya kwa sababu uliwapa watu ukoo mpya: watu wa kula nao, wa kulia nao, wa kuwaoza watoto wao na wa kuwazika. Aliona pia hatari yake. Ukoo hulinda walio wake, na wasio wake huwaacha nje. Askofu aliyetoka katika uamsho hakuruhusiwa kuwa kiongozi wa ukoo wa waamsho tu.

Uaskofu wenyewe aliupokea mwaka 1964, akiwa na umri wa miaka thelathini na tisa, kutoka kwa Sundkler aliyekuwa askofu tangu mwaka 1961. Mwana wa mjane akawa Mhaya wa kwanza kuliongoza Kanisa hili kama askofu. Mwezi Juni mwaka 1977 Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani lilifanya mkutano wake mkuu Dar es Salaam, wa kwanza kufanyika Afrika, nalo likamchagua Kibira kuwa rais. Hakuna Mwafrika aliyekuwa ameshika nafasi hiyo kabla yake. Mkutano huo huo ulitamka kwamba ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini ni jambo linalogusa ukiri wa imani wenyewe, wala haliwezi kuachwa kama tofauti ya maoni ya kisiasa. Kwa mtu wa uamsho neno hilo halikuwa geni: dhambi huwekwa nuruni, hata ikiwa ni ya kanisa zima.

Vita, magendo na ugonjwa

Mwishoni mwa mwezi Oktoba mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia katika ardhi ya Tanzania kaskazini ya Mto Kagera. Tarehe 1 Novemba Amin alitangaza kwamba eneo hilo ni la Uganda, na daraja la Kyaka likavunjwa. Watu waliuawa, ng'ombe waliswagwa kwa maelfu, nyumba na makanisa yakaharibiwa, na wakimbizi wakaja kusini wakiwa na walichoweza kubeba. Rais wa Walutheri wa dunia alikuwa sasa askofu wa dayosisi iliyovamiwa. Vita viliendelea hadi mwaka 1979, Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili. Mwaka huo mkoa uliacha kuitwa Ziwa Magharibi, ukaitwa Kagera.

Ushindi haukuleta unafuu. Wanaokumbuka mwanzo wa miaka ya 1980 wanakumbuka foleni za sukari, sabuni iliyokatwa vipande, mafuta ya taa yaliyopimwa kwa chupa ndogo. Mpakani na ziwani magendo yalinawiri, na vijana walipata fedha za haraka kwa kuvusha kahawa na nguo. Kulikuwa na kitambaa kimoja cha fasheni kilichoitwa Juliana. Vijana waliokuwa na fedha za kukinunua walipoanza kukonda na kufa, watu waliuita ugonjwa wenyewe Juliana. Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa Ukimwi nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera, na Hospitali ya Ndolage, iliyo ya Kanisa hili, ilikuwa miongoni mwa mahali pa kwanza kuuona ugonjwa huo. Utafiti wa mwaka 1987 uliona kwamba katika mji wa Bukoba asilimia 24.2 ya watu wazima waliopimwa walikuwa na virusi. Ni karibu mtu mmoja katika kila wanne.

Hapo ndipo uamsho ulipojaribiwa kuliko wakati wa vita na kuliko wakati wa mafarakano. Lugha yake ilikuwa lugha ya dhambi na toba. Mikononi mwa mtu mwenye kiburi lugha hiyo iligeuka fimbo ya kumpigia mgonjwa. Yalisemwa maneno makaburini ambayo hayakupaswa kusemwa, na mara nyingine na watu waliojiita wa nuruni. Wajane walioambukizwa na waume zao walitazamwa kama wakosaji. Si haki kuyapita hayo kimya. Lakini si haki vilevile kuwasahau ndugu wa mikutano ya kila juma, hasa akina mama, waliokuwa wamezoea kusikia siri za wenzao bila kukimbia. Hao waliingia katika nyumba ambazo jamaa walikuwa wamezikwepa. Walifua, walipika, walioga wagonjwa, na walikaa. Mwamsho anayekumbuka yale aliyoyaungama mwenyewe hana mahali pa kusimama ili amdharau mwingine. Aliyeyasahau, hata akiimba kwa sauti gani, alikuwa amerudi alikotoka.

Katika miaka hiyo hiyo askofu mwenyewe aliingia katika shule asiyoichagua. Ugonjwa wa Parkinson hutetemesha mikono, hukaza viungo, hupunguza mwendo na kufifisha sauti. Kwa mtu ambaye kazi yake ni kuhubiri, kuandika na kuweka mikono juu ya wengine, hakuna kiungo kinachougua ambacho hakihusiki na wito wake. Ndugu wa uamsho walikuwa wamezoea ushuhuda unaokwenda mbele: nilikuwa hivi, Bwana akanitoa, sasa niko hivi. Ugonjwa usiopona hauna ushuhuda wa namna hiyo. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba utu wa nje huchakaa na utu wa ndani hufanywa upya siku kwa siku, na wahubiri hulipenda fungu hilo. Wachache hutakiwa kuliishi mbele ya dayosisi nzima. Kibira alimaliza kipindi chake cha urais katika mkutano mkuu wa Budapest mwaka 1984, mkutano ambao uliyasimamisha uanachama makanisa mawili ya Wazungu wa kusini mwa Afrika yaliyokataa kuuacha ubaguzi. Neno lililotamkwa Dar es Salaam lilikuwa limetendwa. Kisha alistaafu, akarudi kuwa ndugu kati ya ndugu. Alifariki mwezi Julai mwaka 1988, akiwa hajatimiza miaka sitini na mitatu.

Wakati huo katika vijiji vya Buhaya ilikwisha kuwa kawaida kumkuta bibi akiwalea wajukuu watano au sita ambao wazazi wao wamelala pamoja chini ya migomba. Swali la kibanja lilirudi kwa ukali ambao mama yake Josiah angeutambua mara moja. Mjane mgonjwa hakuwa na nguvu za kubishana na shemeji. Mtoto wa miaka kumi hakujua mpaka wa shamba la baba yake, na aliyejua alikuwa ndiye anayelitaka. Mwaka 1989, mwaka mmoja baada ya kifo cha askofu, Dayosisi ya Kaskazini Magharibi ilianzisha Huduma ya Watoto, HUYAWA, ili yatima waweze kusoma, walelewe katika nyumba za jamaa zao badala ya kukusanywa kambini, na wasinyang'anywe haki zao. Kazi hiyo ilitegemea watu wa sharika: wazee waliojua mipaka ya mashamba ya marehemu, walimu, na akina mama wa mikutano ya kila juma, waliojua ni nyumba ipi ambayo asubuhi hiyo moshi haukuonekana jikoni.